Kimo cha Gari na Haki ya Njia

Kila mtu ni mfalme katika nyumba yake, lakini njia kuu haina mfalme. Ni mali ya mwenye gari, mwenye baiskeli, mzee mwenye mkongojo na mtoto aendaye shuleni. Kwa hiyo swali linalobishaniwa sana Marekani lanigusa: je, pikapu zilizoinuliwa mno ziruhusiwe katika njia za watu wote?

Wazipendao wana hoja. Gari refu huvuka tope na mawe yanayolikwamisha gari fupi. Tena aliyenunua chombo kwa jasho lake ana haki ya kukipamba. Sizidharau hoja hizi. Shamba lina mahitaji yake, na moyo una matamanio yake.

Lakini kimo kina gharama. Springi zirefushwapo na matairi yakuzwapo, uzito hupanda juu, na gari huwa jepesi kupinduka penye kona. Bampa yake huipita kwa juu bampa ya gari dogo, na katika mgongano pigo huwaelekea waliomo. Taa zake huwachoma macho wajao. Mbele ya boneti yake mtoto hufichika kama aliye nyuma ya ukuta. Mwaka 2023 taasisi ya IIHS ya Marekani, iliyochunguza ajali karibu 18,000 za waendao kwa miguu, ilieleza kuwa gari lenye boneti iliyozidi inchi 40 huelekea kuua kwa asilimia 45 hivi zaidi ya gari lenye boneti iliyoinama isiyozidi inchi 30.

Jimbo la North Carolina lilitumia busara ya kupima. Tangu tarehe 1 Desemba 2021 limekataza gari kugeuzwa hata madigadi ya mbele ikapita ya nyuma kwa inchi 4 au zaidi, maana pua iliyoelekea mbinguni humziba dereva macho. Virginia ilifuata mwaka 2022, na South Carolina mwaka 2023.

Nami naona hivyo. Katika shamba na viwanja vya michezo, kila mtu na ainue atakavyo. Barabarani pawe na mpaka, na kipimo chake kiwe hiki: dereva aweze kumwona mtoto aliyesimama mbele yake. Aketiye juu hufurahia kimo chake. Si haki gharama yake ilipwe na aliye chini, asiyeulizwa rai yake.