Kusoma Damu ya Mama

Mama alikuwa akisafishwa damu mara tatu kwa wiki, kila mara masaa manne. Mimi nilikaa kando yake na riwaya mkononi, nikijifanya nasoma. Kumbe macho yote yalikuwa kwenye mashine. Damu ya mama yako ikizunguka nje ya mwili wake, utasoma nini?

Sista mmoja, mtu mzima, aliniona. "Mwanangu, kama unaangalia, basi angalia vizuri." Akanieleza kwamba damu ikigusa plastiki hutaka kuganda, kama inavyoganda kwenye jeraha. Ndiyo maana wagonjwa hupewa heparini. Lakini mama alikuwa na vidonda vya tumbo. Dawa ikizidi, angevuja damu ndani. Kwa hiyo alipewa kidogo sana, na kazi iliyobaki ilikuwa ya macho.

Nilishaona gharama yake. Mwezi mmoja kabla, damu iliganda kwenye mashine yote. Mirija na chujio vikatupwa na damu ikiwa humo humo, karibu glasi nzima. Mama, ambaye tayari hakuwa na damu ya kutosha, akaongezewa nyingine. Ndugu tukapigiana simu nani atachangia.

Baadaye nilisoma kwamba Georg Haas, daktari wa Ujerumani aliyemsafisha binadamu damu mwaka 1924, alizuia isigande kwa hirudini, dawa itokanayo na ruba. Miaka mia imepita, hofu ni ile ile.

Sista alinifundisha dalili: damu kuwa nyeusi nyeusi mirijani, michirizi kwenye chujio, vipande kwenye kichupa cha kunasia hewa, na presha ya mrija wa kurudishia damu kupanda. Siku moja namba ile ilianza 130. Ikawa 150. Ikawa 175. Kengele kimya. Nikatazama chujio: mstari mweusi, mwembamba kama unywele.

"Sista!"

Akapitisha maji ya chumvi, chujio likabaki na michirizi. Hakubishana. Alimrudishia mama damu yake kabla haijaganda, akabadilisha chujio, wakaendelea.

Mama akafumbua macho. "Umefika ukurasa wa ngapi?"

"Ule ule wa juzi, mama."

Akacheka. "Basi soma. Mimi nipo."