Baba Yake ni Mto

Wengi mmeniuliza kuhusu lile daftari nililogusia kwa video ya juzi. Sawa, leo nalifungua, ingawa kuna kurasa ambazo bado zinaniaibisha.

Tulianza vile karibu kila mtu huanza: tulisoma Percy Jackson. Kitabu cha kwanza kilitoka 2005, na nakala iliyotufikia ilikuwa imeraruka ganda, imezunguka darasani hadi kurasa zikawa zinaanguka. Tulikuwa watano. Mimi wa Wote, mwingine Emali, mwingine Mbooni, na wasichana wawili wa Kitui, mmoja wa mjini na mmoja wa Mwingi. Shuleni simu ni marufuku, kwa hivyo tuliandika kwa daftari la kurasa 200, zamu kwa zamu, kila mtu na mhusika wake. Likizo tukahamia WhatsApp. Ukikosa bando tunakungoja siku mbili, ya tatu mhusika wako anapigwa na usingizi wa kichawi hadi urudi. Hiyo sheria ni poa, ibeni.

Sasa, mwaka wa kwanza ulikuwa aibu tupu. Wahusika wetu walikuwa watoto wa Zeus na Poseidon wanaokula ugali. Olimpo tuliiweka juu ya KICC. Mtoto wa Poseidon anaishi Makueni, manze, bahari iko wapi? Alikuwa anapigana na majitu kando ya tangi la plastiki.

Wa Mbooni ndiye alisema tuache. Akauliza swali moja: kama miungu hao wangekuwa wa huku, wangekaa wapi? Hapo vita vikaanza. Sisi wa Makueni tulitaka kambi iwe Nzaui, kwa sababu wazee husimulia kwamba Mulungu aliwashusha mtu wa kwanza na mkewe pale, na alama za nyayo ziko kwa mwamba. Wa Kitui wakasema Nzambani, lile jiwe ambalo ukilizunguka mara saba unageuka, mwanamume anakuwa mwanamke na mwanamke mwanamume. Tulibishana wiki mbili. Mwishowe tukaweka kambi mbili zinazochukiana, na ukitaka kuhama kutoka moja hadi nyingine lazima uzunguke Nzambani na ukubali chochote kitakachotokea. Stori zetu bora zote zilitoka kwa huo ubishi. Ulimwengu mliokubaliana haraka huwa hauna ladha.

Shida kubwa ilikuwa Mulungu mwenyewe. Yeye si Zeus. Hashuki kutongoza watu. Ukisoma John Mbiti, msomi aliyezaliwa Mulango, Kitui, 1931, unaona Mungu wa Wakamba yuko mbali, na wanaoshughulika na maisha ya kila siku ni aimu, roho za waliotangulia. Kisha wa Emali akapata kwa intaneti kitabu cha Hobley, afisa wa kikoloni, cha 1910, kinachosema Wakamba waliamini mwanamke aliyeolewa ana pia mume asiyeonekana, roho ya mzee wa kale, na kupata kwake mimba kunategemea huyo. Afisa wa kikoloni usimwamini kila neno, lakini kwa mchezo wetu ilikuwa dhahabu. Baba wawili! Mmoja anakulipia karo, mwingine anakupa nguvu.

Kwa Mbiti tukachukua kitu kingine. Katika kitabu chake cha 1969 anaeleza kwamba aliyekufa anaendelea kuwa karibu mradi kuna mtu hai anayemkumbuka kwa jina. Akiisha wa mwisho kumkumbuka, anazama katika Zamani. Tukageuza hiyo kuwa sheria ya nguvu: nusu-mungu anapoteza uwezo wake siku jina la mzazi wake wa roho linaposahaulika. Kwa hivyo vita vyetu havikuwa vya mapanga sana. Vilikuwa vya kutafuta nyanya wa mwisho anayejua jina fulani kabla hajafa.

Wa Emali alitaka mhusika wake awe mtoto wa Syokimau, yule mtabiri aliyeona nyoka mrefu akitambaa kutoka maji hadi maji kabla ya reli kujengwa. Kwao treni ya SGR inapita karibu, kwa hivyo aliona ni haki yake. Nilipomsomea susu, akaacha kuchambua pojo akaniangalia. "Huyo alikuwa mtu," akasema. "Ana watu wake." Tukafuta. Mtu wa kweli hazaliwi mtoto kwa daftari.

Na hapa ndipo nilipokosea mimi.

Yule wa Mwingi alikuwa anaandika polepole kutuliko. Mhusika wake aliitwa Syombua, jina la aliyezaliwa mvua ikinyesha. Baba yake ni mto Tiva. Si bahari, si radi, ni mto wa mchanga. Anakuja mara mbili kwa mwaka, masika na vuli, anajaa kwa kishindo, analeta zawadi na magogo, halafu anaondoka na kuacha mchanga mweupe. Kurasa kumi hivi, na katika kila ukurasa Syombua yuko kando ya mto anahesabu miezi. Mimi niliona ni mhusika asiye na matukio.

Likizo ya Agosti, zamu yangu, nikamsaidia. Nilileta malori. Huku Makueni uchotaji wa mchanga ulileta balaa hadi kaunti ikatunga sheria yake 2015, kwa hivyo nilijua ninachoandika. Malori yakabeba mchanga usiku mzima hadi mwamba ukabaki uchi, na kufikia alfajiri mto ulikuwa umekufa. Nilimuua baba yake Syombua kwa aya nne. Wasee wakatuma moto na makofi. Nilijiona mwandishi.

Yeye hakusema kitu. Siku mbili, ya tatu tukamlaza usingizi wa kichawi kama kawaida, tukacheka. Wiki tatu zikapita. Yule wa Kitui mjini ndiye aliniandikia kando: kwani hujui babake anafanya kazi Mombasa? Anakuja Aprili na Desemba. Desemba iliyopita hakuja.

Nilisoma zile kurasa kumi tena usiku huo. Kila kitu kilikuwa pale. Aliandika mpaka zawadi ni za aina gani.

Nikapiga simu, hakushika. Nikaandika samahani ndefu, nikaifuta, nikaandika fupi. Nikajitolea kufuta malori, tuseme ilikuwa ndoto ya Syombua. Akajibu neno moja: "Usifute."

Tangu hapo tuna sheria ambayo sidhani nitawahi kuivunja: mzazi wa mhusika haguswi na mtu mwingine, hata kama stori inalala. Mnaoniuliza mwanzie wapi mkimtunga nusu-mungu, mimi siulizi tena ana nguvu gani. Nauliza nani alibaki nyumbani naye. Percy mwenyewe ana mama kabla hajawa na Poseidon.

Shule ilipofunguliwa alichukua daftari bila kuniangalia, akakaa nalo siku nne. Lilivyorudi, malori yalikuwa bado yapo, mwamba bado uchi. Lakini Syombua na mama yake wa kawaida, asiye na nguvu zozote, walikuwa wanabeba mawe kuziba mto kwa ukuta, ili mvua ikija mchanga ushikwe, na maji yabaki chini yake. Ukuta ulikuwa umefika kiunoni. Chini ya ukurasa ameandika kwa penseli: zamu yako, lete mawe.

Nimeleta mawe kurasa mbili sasa. Mvua hatujaamua.