Shina na Ushina

Tuna majina mawili ya ugonjwa huu, nayo yametufikia kwa njia mbili. Saratani tumeipokea kutoka Kiarabu. Kansa kutoka Kiingereza, ambacho nacho kililichota kutoka Kilatini. Asili ya yote mawili ni jina la mnyama mmoja: kaa, yule wa ufukweni. Matabibu wa Uyunani ya kale waliona mishipa iliyotutumka kuuzunguka uvimbe, wakaifananisha na miguu ya kaa. Walitaja kile ambacho jicho liliwaonyesha. Sisi tunaoandika leo tuna mzigo mwingine, kwani yanayohitaji majina sasa hayaonekani kwa jicho tupu.

Nimekuwa nikifasiri makala za sayansi kwa Kiswahili kwa miaka kadhaa, na istilahi iliyonishughulisha kuliko zote ni ile ya seli chache ndani ya uvimbe zinazosemekana kuuzaa uvimbe wote. Wapo waziitao seli mama, na wapo waziitao seli shina. La kwanza sikulipenda. Wagonjwa wengi wa saratani ya matiti ni akina mama, na sikuona vema jina lao lipewe kinachowaua. Nikashika shina.

Hoja yenyewe ilipata nguvu mwaka 2003. Michael Clarke na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walizitenga seli za saratani ya matiti kwa kutazama alama zilizo juu ya ngozi zao, kisha wakazipandikiza katika panya. Seli 100 tu za kundi moja ziliweza kuotesha uvimbe. Makumi ya maelfu ya seli za makundi mengine hayakuotesha kitu. Seli hizo chache, wasemavyo watafiti, mara nyingi hustahimili dawa zinazolenga seli zinazogawanyika kwa haraka. Uvimbe hunywea, zenyewe zikabaki.

Shangazi yangu anaishi Tanga. Alikatwa titi, akatundikiwa dawa, akapigwa mionzi, akaambiwa amepona. Baada ya miaka minne maradhi yakarudi. Akanipigia simu: "Mwanangu, si walikata? Hiki kilichorudi kilikuwa kimejificha wapi?" Nikamweleza habari ya seli shina. Akafikiri, kisha akasema, "Basi ni mgomba. Mgomba haukomeshwi kwa panga." Halafu sauti ikashuka: "Sasa mimi nitakatwa hadi lini?"

Hapo ndipo nilipoona uzito wa neno. Shina lilimfafanulia kwa nini ugonjwa hurudi. Lakini shina pia ni kitu kilichoganda mahali pamoja, tena lenye mizizi. Likishakuwa shina halibadiliki kuwa kingine. Je, seli hizi ndivyo zilivyo? Swali hilo lilinipeleka kwenye maandishi ya wanaozikuza moja moja.

Chombo wanachotumia ni kidogo, pengine hutosha kiganjani. Mpira wa silikoni ulio angavu humiminwa juu ya kalibu, ukishaganda hubanduliwa na kugandishwa juu ya kioo. Kalibu huacha vifereji vyenye upana unaokaribiana na unywele, na vijumba vidogo pembeni mwake. Hewa hupenya mpira huo, hivyo seli hupumua. Taaluma hii huitwa maikrofluidiki. Katika vifereji hivyo vimiminika havichafuki kwa vurugu kama maji ya mto. Mikondo miwili hupita sambamba, kama ukwapi na utao katika mshororo mmoja, na kinachovuka mpaka huvuka polepole. Kwa hiyo mtafiti aweza kuipa seli dawa upande mmoja na chakula upande wa pili, akapima vyote kwa uangalifu.

Seli ya kawaida ya titi ikikosa mahali pa kushika hufa. Yenye tabia ya shina huweza kuelea, ikagawanyika na kufanya tufe dogo la seli. Ndani ya sahani ya kawaida, tufe moja laweza kuwa ni seli nyingi zilizokumbatiana tu. Ukiiweka seli moja katika kijumba chake, wajua kwa hakika kuwa tufe hilo lina mzazi mmoja. Hiyo ndiyo faida ya vijumba: humruhusu mtu kufuata ukoo wa seli moja, saa baada ya saa, kwa hadubini.

Na ukoo huo una habari. Mwaka 2011 Christine Chaffer, Robert Weinberg na wenzao walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba seli za titi zisizo shina, zenye afya na zenye saratani, zaweza zenyewe kugeuka zikawa na tabia ya shina. Kumbe kwa baadhi ya seli, shina ni hali inayoingiwa. Wanaotumia vifereji sasa huchunguza ni nini kinachoiamsha hali hiyo: upungufu wa oksijeni, msukumo wa kimiminika, seli jirani.

Kiingereza hulisema jambo hili kwa neno stemness. Kiswahili kina ngeli ya U. Mtu ana utu, mtoto ana utoto, na utoto hupita. Basi seli shina iwe jina la seli tunayoiona leo chini ya hadubini, na ushina uwe jina la hali ambayo seli huipata na pengine huipoteza. Mfasiri akitofautisha mawili haya, msomaji ataelewa kwa nini kuziua seli shina zilizopo huenda kusitoshe, na kwa nini watafiti hutafuta pia njia ya kuuzima ushina wenyewe.

Nilimpigia shangazi nikamweleza hivyo, bila kumwahidi dawa ambayo haijapatikana. Alisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo si mzizi," akasema. "Ni hali." Nikamjibu kuwa ndivyo wanavyoanza kuamini. "Haya. Hali huuguzwa." Bado anahudhuria kliniki.

Neno ushina silioni katika kamusi nilizo nazo. Nimeanza kulitumia katika tafsiri zangu. Mwenye neno bora na alilete, tulipime pamoja.