Ndege wa Ziwa Tshangalele

Ziwa tunalotaka kuwasimulia halikuwako tangu zamani. Liko Katanga, upande wa mashariki ya mji wa Likasi. Lilitokea mto Lufira ulipozibwa kwa ukuta huko Mwadingusha, ili nguvu ya maji itoe umeme kwa kazi ya shaba. Mitambo yake ilianza kazi mwaka 1930. Basi maji yakatanda bondeni, matete yakaota, samaki wakazaa, na ndege wakaja bila kuitwa. Mwaka 1982 UNESCO iliiandika Lufira katika orodha ya hifadhi zake za viumbe.

Siku moja ya mwezi wa tatu tulifika ukingoni alfajiri, tukiwa na darubini na kamera. Mvuvi mmoja, mtu mzima, alikubali kutuchukua katika mtumbwi wake kwa masharti mawili: tusiseme kwa sauti, wala tusisimame. Ukungu ulipoinuka, bata wenye uso mweupe walipita juu yetu, wakilia kama watu wanaopiga mluzi. Wanandi weusi walikuwa wameanika mabawa yao mitini. Jua lilikuwa mgongoni mwetu, nasi tulipiga picha bila shida.

Kisha, katikati ya mayungiyungi, tulimwona ndege wa rangi ya kahawia, mwenye paji la buluu na vidole virefu ajabu. Kwa vidole hivyo hutembea juu ya majani bila kuzama. Alikuwa amelalia mayai juu ya majani yaeleayo.

«Huyo ni baba,» mvuvi alitunong'oneza.

Ndivyo ilivyo kwa ndege hao. Mama hutaga mayai, kisha huweza kwenda kwa mume mwingine. Baba ndiye anayeyaatamia na kulea watoto. Penye hatari huwabeba chini ya mabawa yake.

Tulitamani sana picha yake, lakini nyasi zilimficha. Tulimwomba mvuvi asogee kidogo. Akatua kafi.

«Wazee wangu, kusogea naweza. Lakini huyu ataondoka, na yule kule juu anangoja.»

Tukatazama juu: mwewe alikuwa akizunguka. Tulikuwa tumetoka mbali kwa ajili ya picha ya namna hiyo, na hakuna mwingine ambaye angejua tulilotenda. Tulinyamaza kitambo.

«Turudi, baba,» tukasema.

Tukapiga picha moja tu, kutoka pale pale tulipokuwa.

Picha hiyo imetundikwa nyumbani. Ndani yake kuna nyasi nyingi, na katikati yake paji dogo la buluu. Wageni hutucheka, wakiuliza kwa nini hatukukaribia. Sisi hatujibu. Watoto wetu ndio wanaowaeleza habari ya baba yule na mayai yake.