Kondoa na Mti wa Lugha Zake

Basi lilitoka Dodoma asubuhi, likashika barabara ya Babati. Kwetu Tanga, Mbondei, Msambaa na Mzigua wakikutana sokoni, kila mtu huzungumza chake na wakaelewana. Nilitarajia Kondoa iwe hivyohivyo. Sokoni nikasikia Kirangi, nikaokota neno hapa na pale. Hatua chache mbele, kina mama wakawa wanapatana bei kwa Kiburunge, sikuambulia kitu! Kirangi ni Kibantu, Kiburunge ni Kikushi: wanagawana kisima, lugha zao hazina nasaba moja.

Kesho yake tukaenda Kolo, penye michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kilichonivuta zaidi ni mzee wa Kialagwa aliyetupokea. Lugha ya kwao ni ya Kikushi, lakini alisalimiana na mwenyeji wangu kwa Kirangi kitupu. Wameoana, wamechanganyika.

Jioni mwenyeji wangu, mwalimu wa hisabati, akanichorea mti wa lugha hizi. Chini aliandika majani matano: Kialagwa, Kigorowa, Kiburunge, Kimbugwe, Kirangi. Kialagwa kiliungana na Kigorowa, kisha wote na Kiburunge. Kimbugwe na Kirangi walikuwa na kiungo chao. Juu kabisa, makundi mawili yakakutana, ili mchoro ukamilike tu, si kwa nasaba.

“Mwalimu, mbona Kialagwa na Kirangi umewatupa ncha mbili? Leo nimewasikia kwenye baraza moja!”

“Sijawatupa, mgeni wangu. Tazama.”

Kila kiungo ni kama mzega wa maji: ukiugeuza begani, ndoo ya mbele huenda nyuma, lakini zote zimebaki kwenye mti uleule. Viungo ni vinne, kila kimoja kina pande mbili, kwa hiyo mipangilio ni 16. Akageuza vitatu. Sasa ikasomeka: Kiburunge, Kigorowa, Kialagwa, Kirangi, Kimbugwe. Hakuna nasaba iliyoguswa, na majirani wa Kolo wamekaa bega kwa bega. Nilimwomba arudie, nione tena.

Kwa lugha 30 mkono hautoshi, maana mipangilio inapita milioni 500. Mwaka 2001 Ziv Bar-Joseph, David Gifford na Tommi Jaakkola walichapisha njia ya haraka ya kuipatia kompyuta kazi hiyo: itafute mpangilio unaoweka majani yanayofanana karibu kuliko yote.

Nawe ukipewa mchoro wa namna hii, undugu usome kwenye viungo. Ujirani wa majani usiuamini mpaka mchoraji akueleze ameyapangaje.