Programu ya kazi ya pamoja: uliza kwanza simu ikizima itakuwaje

Tangu benki za Goma zifunge milango mwanzoni mwa 2025, hesabu nyingi za mji huu zimehamia kwenye simu. Ndiyo maana redioni tunapokea swali hili kila mara: "Ndugu mwandishi, kikundi chetu kinatafuta programu ya kufanyia kazi pamoja, tuchukue ipi?" Anayeuliza anaweza kuwa mama wa likelemba, kijana wa depo ya makala, au mwalimu ambaye wenzake wametawanyika.

Wanaouza programu hizi huonyesha kwanza kalenda yenye rangi na mikutano ya video. Video inakula mega. Mimi nawaambia wasikilizaji waulize mambo mengine.

Kuna kikundi cha mama ninachokifuatilia, wanaonunua mboga na ndizi zinazoshuka Kituku kwa mitumbwi kutoka Minova. Kabla ya kambi kuondolewa Februari 2025, wengi wao walikuwa wanalala Bulengo na Lushagala. Leo mmoja yuko Sake, wawili Masisi, wengine wamebaki Goma kwa ndugu, na mmoja amefika Nakivale, Uganda. Likelemba yao haikufa. Wanaiendesha kwa WhatsApp, na sababu ni nyepesi: ilikuwa tayari ndani ya simu zao. Hiyo kwangu ndiyo sifa ya kwanza. Programu ya watu kumi ambayo wanne hawawezi kuifungua si ya kikundi, ni ya wenye simu nzuri.

Hata hivyo watatu kati yao wana simu ndogo za vitufe. Kwa hao, mtunza sanduku anaandika SMS. Wawili hawasomi, kwa hiyo hesabu inasemwa kwa odio, polepole, jina kwa jina. Msidharau jambo hili. Ushahidi, programu iliyozaliwa Kenya Januari 2008 katika vurugu za baada ya uchaguzi, ilifika mbali kwa sababu ilipokea habari za watu kwa SMS pia, si kwa intaneti peke yake. Mwaka huohuo ilitumiwa hata huku kwetu mashariki mwa Kongo. Kwa hiyo muulizeni muuzaji: asiye na intaneti ataingilia wapi?

Halafu kuna mtandao wenyewe. Siku za mapigano ya Januari 2025, umeme, maji na intaneti vilikatika mjini. Programu nzuri inakuacha uandike hata bila mtandao, inautunza ujumbe, na kuutuma yenyewe mtandao ukirudi. Nyingine haifunguki kabisa. Hata Google Docs inaweza kufanya kazi bila intaneti, lakini lazima uiandae mapema, wakati mtandao bado upo. Ijaribuni kabla ya kulipa: zimeni data, muone kama mtaweza kuandika.

Sasa nifike kwenye lililowaumiza mama hawa. Mwenyekiti wao alinyang'anywa simu jioni moja, na yeye peke yake ndiye alikuwa msimamizi wa kundi. Kwenye WhatsApp, msimamizi wa pekee akitoka mwenyewe, programu inamchagua mwingine. Lakini simu ikipotea tu, kwa programu yeye bado yumo. Kwa siku kadhaa hakuna aliyeweza kuiondoa namba yake, na mtu wasiyemjua alikuwa anaweza kusoma nani ametoa dola ngapi na nani anaishi wapi. Mwishowe walianza kundi jipya. Sasa wana wasimamizi watatu, wa mitaa tofauti, na kila mmoja ameweka namba ya siri ya pili ambayo WhatsApp inaiita uthibitishaji wa hatua mbili. Hiyo inamzuia mtu kuifungua akaunti yako kwenye simu nyingine. Haimzuii aliyeshika simu yako ikiwa wazi, kwa hiyo na simu yenyewe ifungwe.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wauzaji. Wao wanasifu programu inayoweka kila kitu mahali pamoja. Kwa kikundi cha watu waliokimbia vita, naona ni hatari. Hesabu lazima idumu, maana pesa ya likelemba bila maandishi inaleta ugomvi. Lakini mazungumzo ya nani amehama, amelala wapi, anapita njia gani, afadhali yafutike. WhatsApp na Signal zina jumbe zinazojifuta baada ya muda mnaouchagua, na kundi lote linalindwa ili walio katikati wasisome. Telegram haiko hivyo: ulinzi wa namna hiyo uko kwenye mazungumzo ya siri ya watu wawili, si kwenye makundi. Wengi wanadhani ni sawasawa.

Kwa upande wa hesabu, angalieni kinyume chake: je, mnaweza kuzitoa na kwenda nazo? Slack ya bure, kwa mfano, inaonyesha jumbe za siku 90 tu. Mkikopeshana Januari, Juni hamuoni kitu. Na ukitaka zaidi unaombwa kulipa kila mwezi, mara nyingi kwa kadi ya benki. Kadi gani, Goma hii?

Mama wa Kituku walichagua hivi: mazungumzo yanajifuta baada ya siku saba, hesabu iko kwenye daftari la karatasi. Kila Jumamosi mtunza sanduku anapiga picha ya ukurasa na kuituma kwa wasimamizi wawili wengine, wanaoihifadhi nje ya kundi. Kisha anasoma jumla kwa odio. Wa Sake anajibu siku hiyohiyo kama simu ina chaji. Wa Nakivale anajibu akipata mega, mara nyingine Jumatatu, na zamu yake ya kupokea wanamwekea.