Jana Hukuonekana

Wimbo hufika kabla ya wakimbiaji. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara Tandika, saa 11:30 alfajiri, mwezi wa Julai ambao Dar es Salaam hupoa kiasi cha mtu kujuta kuacha sweta nyumbani. Giza bado lilikuwa zito. Kwanza nikasikia filimbi, kisha sauti ya mtu mmoja ikipanda, kisha sauti za wengi zikimjibu, na chini ya sauti hizo vishindo vya miguu vikianguka kwa pamoja. Walipokata kona ndipo nikaziona fulana zao za njano, safu mbilimbili, kama watu sitini. Dada yangu alikuwa safu ya tatu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kumbe umekuja kweli! Ingia nyuma, mdogo wangu. Wageni na wenye pumzi fupi wanakaa nyuma, tutakungoja."

Dada ni muuguzi mstaafu, amenizidi miaka kumi na moja, na yeye ndiye aliyeniita. Mimi niliondoka Dar mwaka 2017 pamoja na wizara yetu, wakati watumishi wa serikali walipokuwa wakihamia Dodoma. Niliporudi nilipanga vyumba viwili Sinza, nikawa natoka asubuhi na kurudi usiku. Mwezi wa nne niliugua homa siku tisa, na katika siku hizo tisa hakuna aliyebisha hodi. Si kwa ubaya. Hakuna aliyejua kwamba nipo. Dada alipokuja kusikia alinyamaza muda mrefu kwenye simu, kisha akasema, "Huna watu. Na watu hawapatikani kwa kujifungia ndani. Jumamosi njoo ukimbie."

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam. Siku zile tisa nilikuwa nikiitazama dari na kuiwaza idadi hiyo.

Sisi wa umri wangu tuliujua mchakamchaka shuleni, asubuhi kabla ya gwaride, kiranja akianzisha wimbo na vumbi likitupanda hadi magotini. Nilidhani ulibaki kule kule shuleni. Huku Temeke umekua na kuwa mambo ya watu wazima: klabu za jogingi, kila mtaa na yake, kila klabu na rangi yake ya fulana, na kila wikendi barabara ni zao mpaka jua linapotoka. Wamo makonda, walimu, wauza mitumba, mama wenye wajukuu. Mbele hukimbia vijana wawili wenye vizibao vinavyong'aa, kazi yao kuzuia daladala na bodaboda. Nyuma kabisa hufuata Bajaji yenye maji, na kiti chake cha abiria ni cha atakayeshindwa. Nilikiangalia kiti kile mara nyingi tulipokuwa tukipanda kuelekea Chang'ombe, na kilichonizuia kukipanda ni wimbo. Ukiitikia wimbo pumzi yako hujipanga yenyewe. Unatoa hewa mahali pa kiitikio, unavuta mahali pa kiongozi. Aliyekuwa pembeni yangu, fundi bomba mwenye mvi, aliona ninavyohema akaniambia, "Usikimbie kaka, we imba tu." Nikaimba.

Nje ya Uwanja wa Benjamin Mkapa tulikuta klabu nyingine tatu zimeshafika. Uwanja huu wa watu 60,000, uliofunguliwa mwaka 2007, siku za mechi huwa mwekundu na wa kijani na njano, mashabiki wa Simba huku, wa Yanga kule. Alfajiri ile geti lilikuwa limefungwa, na watu walijinyoosha viungo kwenye lami ya nje huku wakitaniana klabu kwa klabu.

Nisichokitarajia kilitokea baadaye, chini ya mwembe karibu na kijiwe chao. Katibu alifungua daftari akaanza kuita majina. Kila jina likaitikiwa, mpaka alipofika kwa fundi cherehani mmoja, kukawa kimya.

"Hayupo. Na jana pia dukani kwake hakuonekana," mtu akasema.

Simu ikapigwa hapo hapo, sauti ikawekwa wazi. Mtoto wake amelazwa. Katibu hakuhutubia, alitaja tu kiasi, shilingi 2,000 kila mtu, kofia ikazunguka, na wanawake wawili wakachaguliwa kwenda hospitali mchana huo huo. Mambo yote hayo hayakuchukua dakika kumi. Nilitoa 2,000 yangu kwa mtu nisiyemjua uso, na nikiri kwamba koo lilinikaza.

Kisha supu. Mwenye kibanda huchemsha kongoro usiku kucha, na asubuhi mchuzi huwa mzito kiasi cha midomo kunatana. Ndimu, pilipili, chumvi kidogo, chapati mbili. Tulikaa kwenye mabenchi marefu tukiwa tumelowa jasho. Dada alikunywa supu bila chapati na bila chumvi, kwa sababu ya presha, na akawa anawatazama wenzake wenye presha kwa jicho la wodini mpaka mmoja akairudisha chapati ya tatu kwenye sahani.

Mpwa wangu, mtoto wa dada, alinichukua hapo kwa pikipiki. "Mjomba, shikamoo. Mama kasema nikupitishe Keko uone jimu yetu." Keko ni mtaa wa mafundi wa samani, ukipita barabarani unaona vitanda, makabati na sofa zimepangwa hadi ukingoni mwa mtaro, na hewa inanuka vanishi na mbao mbichi. Jimu yao iko uani, nyuma ya karakana. Paa ni bati nusu, mbingu nusu. Uzito wenyewe ni saruji iliyomiminwa ndani ya makopo ya rangi, gia za malori, na vipande vya reli. Benchi la kulalia wakati wa kusukuma vyuma limetengenezwa na fundi wa hapo hapo, mninga mtupu, nalo limeng'arishwa na migongo ya watu miaka mingi. Anayeingia hulipa shilingi 1,000 kwa siku. Asiyekuwa nayo hufagia.

Nililala kwenye benchi lile. Vijana wawili wakasimama upande huu na huu wa chuma bila kuombwa, mikono wameiweka tayari, kwa maana chuma cha saruji hakina kifaa cha kukizuia kikikuponyoka. Kinachokuzuia usiumie ni mwenzako. Mwalimu wao, mbeba mizigo wa zamani wa bandarini, alinisahihisha mgongo kwa kuugusa na kidole kimoja. Mpwa alinieleza kwamba mzee huyo akimkosa kijana siku mbili mfululizo humfuata kwao. Ametoa vijana kadhaa kwenye unga kwa njia hiyo, alisema mpwa, na kwa watu wa Keko neno unga si la sembe.

Wiki iliyotangulia nilikuwa nimejaribu jimu ya ghorofani upande wa Masaki. Ukitoka katikati ya mji unafika huko kwa kupita Daraja la Tanzanite, kilomita moja na ushee juu ya bahari, lililoanza kutumika mwaka 2022, ambalo jioni watu hukimbia kandokando yake huku upepo ukiwapiga. Jimu ile ina kila kitu: viyoyozi, mashine za kukimbilia zinazotazama bahari, taulo safi, na saa maalumu za wanawake ambazo kina mama wengi wamezingoja muda mrefu, na hilo nalipongeza. Mashine ni nzuri kuliko chochote nilichokiona Keko. Nilikimbia dakika arobaini kati ya watu wawili, kila mmoja na vidude vyake masikioni. Nikashuka, nikaoga, nikaondoka. Sikuwa nimetoa hata salamu moja, na hakuna aliyekosea chochote.

Saa 4 asubuhi Jumamosi ile nilikuwa Kisutu, katikati ya mji, kwenye mitaa yenye mahekalu ya Kihindu na maghorofa ya zamani yenye roshani za chuma. Migahawa ya chai ya huku ni ya kurithishana. Meza ndogo, viti vya plastiki, feni inayolalamika, na kaunta ya kioo iliyojaa kachori, bagia na sambusa za viazi. Chai ni ya maziwa, imechemshwa pamoja na majani, tangawizi na iliki mpaka rangi ikawa kama ya tofali. Nilikunywa polepole. Mezani kwangu walikaa wazee wawili, mmoja akiongea Kigujarati kwenye simu na Kiswahili cha pwani na mhudumu, mwingine akisoma gazeti kwa sauti ili mwenzake asikie. Mhudumu hakuwauliza wanataka nini. Aliwaletea tu, mmoja chai isiyo na sukari, mwingine nusu kikombe. Mimi ndiye niliyeulizwa, na kuulizwa kule kulinionyesha wazi nani mgeni.

Toka Kisutu mpaka Feri ni mwendo wa miguu. Ukivuka bustani na majengo ya serikali unaanza kusikia harufu kabla hujaliona soko: samaki, moshi, mafuta ya moto. Mnada wa samaki huwa umeshakwisha mchana, lakini wakaangaji ndiyo kwanza wamechanganya, na pantoni za Kigamboni zinakuja na kwenda zikiwa zimejaa watu wima. Nilikula kwa mama lishe aliyejenga jiko lake pembeni kidogo, kwenye kivuli cha turubai. Zamani tuliwaita mama ntilie, jina lililotokana na ombi la mteja aliyesimama na sahani: nitilie, mama. Sufuria zilikuwa nne: wali, maharage ya nazi, mchicha, na changu wa kukaanga waliolala kwenye beseni wakiwa wamepasuliwa mistari ubavuni.

Mbele yangu alifika kuli kijana, amejifunga gunia kiunoni.

"Jana hukuonekana," mama akamwambia, hata salamu bado.

"Nilienda kuzika, mama. Mlandizi."

"Pole baba. Nilikuwekea kichwa mpaka saa kumi."

Akamtilia wali, akachagua kichwa cha changu kikubwa kuliko vyote, na kalamu yake ikabaki juu ya daftari la madeni bila kuandika kitu. Nimekula hoteli kubwa za Dodoma na za hapa, na chakula kilikuwa kizuri. Sijawahi kuwekewa kichwa mpaka saa kumi. Nililipa sahani yangu, nikamwambia kwamba Jumamosi ijayo nitakuja tena. Akanitazama kidogo kama anayepima neno hilo, kisha akaniuliza kama nakula pilipili.

Jioni nikamalizia Gerezani, upande wa Kariakoo, kwenye kijiwe cha kahawa ambacho mume wa dada, shemeji yangu, amekikalia tangu hajaoa. Hakuna jengo. Kuna benchi mbili, gogo moja, ubao wa bao, na muuza kahawa na birika lake la bati lililokalia jiko dogo la mkaa ambalo hulibeba kwa mkono mmoja akihama. Kwa mkono mwingine hugonganisha vikombe viwili vidogo vya kauri, na mlio huo ndio tangazo lake. Kahawa ni nyeusi, chungu, yenye tangawizi, na hunywewa kwa kashata ya karanga au ya nazi. Kikombe kimoja hakitoshi funda tatu, kwa hiyo mtu hunywa vinne, na vinne huchukua saa nzima, na saa nzima hukuachia nafasi ya kuzisema Simba na Yanga, bei ya mkaa, na mgonjwa wa nyumba ya tatu. Klabu hizo mbili zenyewe zilizaliwa mitaa hii hii katika miaka ya 1930, na ukikaa pale utadhani ubishi haujawahi kukatika tangu siku hiyo.

Shemeji alinitambulisha kwa maneno machache: "Huyu ni shemeji yangu, wa Sinza." Wakasogea. Benchi ambalo nilidhani limejaa likapata nafasi.

Tulikuwa kikombe cha pili muuza kahawa alipoinua kichwa. "Mzee wa saa yuko wapi?"

Wote wakageukia gogo. Lilikuwa tupu. Mzee wa saa, wakanieleza, ni fundi saa wa zamani, anaishi peke yake chumba cha uani mtaa wa pili, na huwa anafika mara tu baada ya sala ya Magharibi. Sasa watu walikuwa wameshaanza kutoka Isha. Ubishi wa mpira ukafa. Shemeji akamwita kijana mmoja, akamwambia aende, agonge mlango, na asipoitikiwa asirudi, apige kelele majirani watoke.

Tukangoja. Muuza kahawa aliosha kikombe ambacho kilikuwa safi. Mtu akahesabu kete za bao bila kucheza. Nami nilijikuta nikiitazama kona ya mtaa kana kwamba nimemjua mzee huyo maisha yangu yote.

Kijana akatokea kwanza, akicheka kwa mbali. Nyuma yake, polepole, na kanzu na koti, akaja mzee akiwa ameshika miwani yenye mkono mmoja.

"Nilikuwa naitafuta hii," alisema. "Mmenigongea mlango kama polisi."

Akakaa kwenye gogo lake. Muuza kahawa alikuwa ameshamimina. Mzee akanywa funda moja, akavaa miwani kwa kuishikilia kwa kidole, akanitazama mimi.

"Na huyu mgeni ni wa nani?"

"Ni wetu," shemeji akasema. "Atakuja na kesho."